Bahari Sebuleni Mkolani

Mama mkwe wangu alikuja kwangu Mkolani kumlea mke wangu baada ya uzazi wetu wa kwanza, na aliondoka kabla ya siku zake kwa sababu nilimfukuza. Neno hilo sikulitumia. Nilimtafutia gari, nikamfungia mchele na sukari, nikasema ni vizuri akapumzike kidogo kwake Magu. Lakini kila aliyekuwemo ndani ya nyumba ile alijua kwamba mama yule amefukuzwa, na kwamba amefukuzwa kwa ajili ya tangi la samaki. Hawakuwa samaki wa kula.

Ili nieleweke, lazima nieleze nilikuwa mtu wa namna gani wakati huo, na sitajipunguza, kwa kuwa mengi niliyojivunia yalikuwa ya kweli. Nilianza kwa kuuza dagaa Mabatini, kwenye beseni, baada ya kidato cha nne. Sikupelekwa Ulaya na serikali wala na padri. Nilifanya kazi kwenye meli za ziwani mpaka nikapata nauli, nikaenda kuosha vyombo katika mji wa baridi ambao watu wake hawasalimiani barabarani, na katika kuosha vyombo huko nikasoma jioni, mwaka hadi mwaka, mpaka nikapata stashahada ya usafishaji wa maji. Niliondoka Mwanza tukipanga foleni ya sabuni. Niliporudi, mwanzoni mwa miaka ya tisini, madukani kulikuwa na sabuni za kila rangi, na kando ya ziwa viwanda vya minofu ya sangara vilikuwa vinaota kama uyoga. Kiwanda cha minofu hakiendi bila maji safi. Wiki niliyorudi ndiyo wiki niliyoajiriwa. Baada ya miaka miwili nilikuwa na nyumba yangu Mkolani, juu ya mawe, yenye sebule ya vigae.

Katika sebule hiyo niliweka bahari.

Mwenye nyumba niliyopanga Ulaya alikuwa na tangi la namna hiyo, lenye mawe hai ya baharini, yaliyojaa viumbe wadogo, matumbawe na samaki wa rangi, na ndiye aliyenifundisha. Nilirudi na pampu, taa, ndoo za chumvi maalumu, chupa za dawa za kupimia maji, na kipimo cha chumvi: kijiti cha kioo chenye tumbo chini, ndani yake karatasi ya namba, unakiacha kielee kisha unasoma namba pale uso wa maji unapokata. Kioo cha tangi nilikatiwa mjini, urefu wake kama mlango. Matumbawe na samaki walitoka Dar es Salaam. Minofu yetu ilikuwa ikipelekwa Dar kwa ndege na makasha yake yalirudi matupu. Rafiki yangu mmoja akawa ananijazia makasha hayo mifuko ya nailoni yenye maji na hewa, na ndani ya kila mfuko kiumbe mmoja. Nakumbuka siku nilipofungua mfuko wenye yule mnyama wa baharini anayefanana na ua, mwenye vidole vingi laini. Alikuwa amejikunja kama soksi iliyolowa. Baada ya siku tatu alifunguka, na wale samaki wawili wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe wakaingia katikati ya vidole vyake, wakalala humo.

Watu hudhani kazi ya kufuga samaki ni kuwalisha. Kazi ni maji. Miezi miwili ya kwanza hakukuwa na samaki hata mmoja ndani ya tangi langu, yalikuwemo mawe tu, na mimi nikipima kila siku sumu inayotokana na uchafu, nikingojea wadudu wasioonekana waongezeke na kuila. Joto lisipande wala kushuka ghafla. Chokaa isipungue, maana matumbawe yanajenga mifupa kwa chokaa. Kila wiki unatoa sehemu moja ya kumi ya maji na kurudisha mapya yenye chumvi ileile. Na maji yanayopotea kwa jua na upepo lazima uyarudishie kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kwa sababu kinachopaa ni maji peke yake, chumvi inabaki nyuma, na maji yakipungua chumvi inazidi kuwa kali. Jambo hili nilimweleza kila mgeni, na wageni walikuwa wengi. Nilikuwa na fimbo ya mwanzi ya kuwaonyeshea.

Jirani yangu mmoja, mtu wa Mara, fundi wa nyavu, aliangalia kwa muda mrefu siku ya kwanza.

"Mtaalamu," akasema, "ziwa lote lile liko pale chini. Wewe umeweka samaki kabatini?"

"Hawa ni wa bahari. Ukiwatia ziwani wanakufa saa hiyohiyo."

"Basi ni samaki wa hasara." Akainama tena. "Hawa wadogo ni furu wa ziwani waliopakwa rangi, usinidanganye."

Nilicheka pamoja naye, lakini moyoni nilijiambia kwamba kutoka hapa mpaka Bahari ya Hindi hakuna mtu mwingine mwenye kitu hiki, na huyu hajui amesimama mbele ya nini.

Mke wangu alijifungua mwishoni mwa mvua za vuli, na mama yake akaja. Kwetu Wasukuma, mama mkwe na mkwe wa kiume hawachanganyiki ovyo. Hamli pamoja. Hamtazamani usoni. Mkikutana njiani, mmoja anapisha. Mkiwa na neno, linapita kwa mtu wa tatu, hata kama mko chumba na chumba. Katika nyumba ya kijijini jambo hilo ni rahisi, kwa kuwa nyumba ni nyingi na uwanja ni mpana. Katika nyumba ya mjini inabidi mpangane. Tukapangana bila kusemezana: yeye chumba cha nyuma, jikoni na uani, mimi sebuleni na mlango wa mbele. Nilipoondoka kwenda kazini ndipo alipoingia sebuleni. Niliporudi, nilisikia kandambili zake zikielekea nyuma kabla sijafika mlangoni.

Kwa hiyo mimi sikuwahi kumwona akiwa na tangi langu. Mke wangu ndiye aliyenisimulia baadaye. Mtoto wetu alikuwa wa kulialia, na kitu kimoja tu kilimnyamazisha, mwanga wa tangi na wale samaki wakipita. Bibi yake alikuwa anakaa naye hapo kutoka asubuhi mpaka jua linapogeuka, kwenye kigoda, mgongo wima, macho kwenye maji. Aliwajua samaki wale mmoja mmoja. Alijua yupi anatoka wa kwanza na yupi mwoga. Alijua lile ua hufunguka saa ngapi.

Januari ile jua lilikuwa kali. Umeme ulikuwa wa mgao, na siku ambazo haukuwepo nilimwagiza mke wangu afungue kifuniko cha tangi ili maji yapate hewa. Jioni moja, nikiwa nakula, mke wangu alikuja akasimama karibu na meza.

"Mama anasema lile ua halifunguki vizuri siku hizi."

"Linapumzika."

"Anasema maji yanauma ulimi kuliko alipokuja."

Nikaweka kijiko chini. "Ulimi? Ameonja?"

"Alichovya kidole."

Lazima nieleze ulimi huo. Mama mkwe wangu alizaliwa mbugani, na katika usichana wake wanawake wa kwao walikuwa wakikusanya udongo wenye chumvi, wanautia kwenye chungu chenye matundu, wanapitisha maji, kisha wanayachemsha yale maji mpaka chumvi inabaki. Hawakuwa na kipimo. Mmoja alionja yale yanayodondoka akasema bado, au yanatosha, au ongeza maji. Mama huyo alikuwa ndiye anayeonja. Hili mke wangu aliniambia siku hiyohiyo, taratibu, kama mtu anayetoa sifa za mgombea kazi. Nilimsikiliza nikatabasamu. Nilikuwa nimepima wiki iliyopita, alama ishirini na tano, sawasawa na bahari yenyewe.

"Mwambie mama ahsante," nikasema. "Mwambie nina kipimo."

Kesho yake nikapima tena, na kipimo kikaonyesha ishirini na moja. Siku ya tatu, kumi na tisa.

Nilisimama na kijiti kile mkononi, na wazo lililonijia lilikuwa moja tu. Chumvi haipai. Chumvi hailiwi na samaki. Ikipungua, kuna mtu anamwaga maji baridi ndani. Na tangu nijenge nyumba ile hakuna aliyegusa maji yangu mpaka alipokuja mtu mmoja.

Nilimwita mke wangu, nikasema kwa sauti ya kufika chumba cha nyuma. Nilisema nimesoma maji miaka minne. Nilisema matumbawe yale yametoka baharini kwa ndege, si kwa punda. Nilisema, "Mwambie mama yako hiyo ni bahari, siyo sufuria ya ugali, kwamba unaongeza maji ukiona imekauka." Na nikasema neno moja zaidi, kuhusu mtu asiyejua kusoma, ambalo hata leo sipendi kuliandika kama nilivyolisema.

Mke wangu alikuwa na mtoto kifuani. "Punguza sauti," akasema. "Anasikia."

"Nataka asikie."

Kama ningeishia hapo, pengine tungetafuta namna. Sikuishia hapo. Nilipita korido, nikaenda mpaka mlango wa jikoni, mahali ambapo kwa wiki tano sikuwa nimekanyaga yeye akiwemo. Alikuwa amechuchumaa anachambua mchele kwenye ungo. Nikasimama mlangoni nikamtazama usoni.

"Mama, wewe ndiye unayemwaga maji kwenye tangi langu?"

Alivuta khanga ikafunika paji la uso. Alitazama ungo. Nilidhani atanyamaza, na desturi ingemruhusu kunyamaza. Akanijibu.

"Naongeza. Kata moja kila asubuhi. Maji ya mvua, ya kwenye pipa."

"Nani alikuruhusu?"

"Yalikuwa yanapungua," akasema. "Na yalikuwa makali."

Nikageuka nikarudi sebuleni nikiwa na furaha, lazima niseme ukweli, furaha ya mtu aliyepata jibu la hesabu. Nilikuwa nimemkamata, naye amekiri. Mke wangu alikuwa ameketi, analia bila sauti, na mtoto anamtazama.

Asubuhi iliyofuata nilikuta fundo la nguo za mama mlangoni pa chumba cha nyuma, limeshafungwa. Ningeweza kumtuma mke wangu aseme neno moja tu, "kaa". Badala yake niliongea na dereva wa kiwanda aliyekuwa anakwenda upande wa Magu, nikaandaa ule mchele na ile sukari. Nilijiona mkwe mwema. Niliondoka kwenda kazini mapema ili nisimkute wakati wa kutoka.

Tangu siku hiyo tangi lilikuwa langu peke yangu. Niliongeza chumvi, kidogo kidogo, kwa utaratibu, maana mabadiliko ya ghafla yanaua. Nilipima asubuhi na jioni, nikaandika kwenye daftari. Ishirini. Ishirini na mbili. Nilifurahi namba zilivyopanda. Maji yaliyopaa niliyarudishia pia kwa maji ya chumvi, mimi niliyekuwa nafundisha wageni wasifanye hivyo, kwa sababu namba bado ilikuwa chini. Nilipofikisha ishirini na tano niliweka kalamu chini nikamwambia mke wangu, "Umeona? Yamerudi." Hakuangalia.

Ua lilijikunja siku ya nne baada ya hapo. Mdomo wake ukatoka nje, ukabaki wazi. Matumbawe yakaanza kumenyeka, ngozi ikatoka vipande vipande kama chokaa ukutani, ikabaki mifupa myeupe. Kamba wadogo waliokuwa wanasafisha mawe niliwakuta wamelala ubavu. Wale wawili wa rangi ya chungwa walibaki siku kadhaa wakizunguka mahali ua lilipokuwa, wanapumua haraka, midomo juu ya maji, kisha akafa mmoja, kisha wa pili. Kila siku nilipima. Amonia, ile sumu ya uchafu, ilipopanda nilisema ni kwa sababu ya waliokufa. Chumvi ilikuwa ishirini na tano, sawasawa na bahari.

Nilikuwa na maelezo tayari. Madhara ya yale maji ya mvua yamechelewa kuonekana. Kazini waliponiuliza habari za bahari yangu, nilisema mama mkwe ameniulia samaki wote. Nilisema kwa namna ya kuchekesha. Tulikuwa kantini, na mkuu wa mitambo akasema, "Mama mkwe wako kiboko, kachemsha samaki bila jiko." Wakacheka wote. Mzaha huo ukapata miguu. Watu nisiowafahamu walinisimamisha mjini kuniuliza, "Ni kweli mama mkwe alitia chumvi ya kupikia?" Wengine walisema alitia sabuni. Wengine, na hili lilikuwa baya zaidi, walisema alitia dawa, na wakashusha sauti, na mimi nikijua Usukumani neno kama hilo juu ya mwanamke mzee si mzaha, wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi. Sikuwasahihisha. Nilitikisa kichwa kama mtu anayebeba mzigo wake kwa uvumilivu.

Kilichonipeleka maabara ni kiburi, sitasema ni wema. Nilitaka kuanza upya, na nilitaka karatasi yenye mhuri inayoonyesha kwamba maji yangu hayakuwa na kosa. Nilijaza maji ya tangi kwenye chupa ya soda nikayapeleka kwenye maabara ndogo ya kiwandani. Aliyekuwa zamu ni dada mmoja wa Mabatini, aliyeanza kazi kwa kufagia hapo na kujifunza kwa macho. Nilimfundisha mimi mwenyewe baadhi ya mambo, na sikuacha kumkumbusha.

"Shikamoo, bosi."

"Marahaba. Nipimie chumvi humu. Ni maji ya bahari ya nyumbani kwangu."

Alichota kiasi alichokipima, akakiweka kwenye kibakuli juu ya moto, maji yakaenda zao, akapima uzito wa kilichobaki. Akarudia mara ya pili. Kisha akacheka kidogo.

"Bosi, hii ukiimwaga njiani, ng'ombe watakufuata mpaka nyumbani."

"Ngapi?"

"Arobaini na tano na ushee, kwa lita."

Bahari ina gramu thelathini na tano, ndiyo alama ishirini na tano ya kipimo changu. Nilimwambia amekosea. Alipima mara ya tatu, nikiwa nimesimama nyuma yake, na ikawa ileile. Nikatoa kipimo changu mfukoni, kimefungwa kwenye leso, nikamimina maji ya chupa kwenye gilasi, nikakiacha kielee. Ishirini na tano. "Unaona?" nikasema.

Yeye alijaza gilasi ndefu maji matupu, yale tunayoyatengeneza kwa mvuke, yasiyo na kitu chochote ndani. Akanyoosha mkono. "Naomba."

Nilimpa. Akakiachilia. Katika maji matupu kipimo kinapaswa kusimama kwenye sifuri, alama ya juu kabisa ya karatasi. Kilizama, kikatulia, na uso wa maji ukakata kwenye kioo kitupu, juu ya mahali karatasi inapoanzia. Karatasi ya namba ilikuwa imeteleza chini ndani ya kioo. Ukitazama vizuri uliweza kuona mstari wa gundi ya zamani, wa rangi ya chai, pale ilipokuwa imeshikwa mwanzo. Nilikuwa na tabia ya kukiacha dirishani kikauke. Jua la Januari lilikuwa limelainisha gundi, karatasi ikashuka, na kila namba niliyoisoma tangu hapo ilikuwa ndogo kuliko ukweli.

Kujaribu kipimo kwenye maji matupu kabla ya kukiamini ni somo la siku ya kwanza. Nililifundisha mimi katika chumba kile. Liliandikwa ukutani kwa mwandiko wangu.

Dada yule alikausha kipimo kwa uangalifu, akanirudishia. Alikuwa anafikiri. "Kwa hiyo bosi," akasema polepole, "yule mama…"

"Fanya kazi yako," nikamwambia.

Nilikaa kwenye gari bila kuliwasha. Hesabu ilikuwa nyepesi hata kwa mtu wa darasa la saba. Maji yalikuwa yanapaa kwa jua na kifuniko kilicho wazi, chumvi inazidi, na mimi naona kwamba inapungua. Mtu mmoja ndani ya nyumba aliionja, akajua, akatuma neno kwa njia ya heshima, akajibiwa kwamba nina kipimo. Ndipo akachukua kata akaenda kwenye pipa. Kila asubuhi alikuwa anarudisha kilichopotea, kwa maji safi kuliko yote yaliyokuwepo pale kwangu, bila dawa ya bomba, bila shabu. Viumbe wale waliishi Januari kwa ajili yake. Nilipomwondoa, walianza kufa.

Nilimwambia mke wangu jioni ile. Nilianza na gundi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Utakwenda lini?"

Ilinichukua miezi mitatu kwenda. Nilikuwa na kazi, nilisema. Kazini mzaha uliendelea, na mimi, nikiwa najua ninayoyajua, niliendelea kutikisa kichwa. Hiyo ndiyo miezi ninayoionea haya kuliko hata siku ile ya mlango wa jikoni. Siku ile nilikuwa sijui.

Mkwe aliyekosa haendi mikono mitupu wala haendi peke yake. Nilimchukua baba yangu mdogo awe msemaji, tukabeba mbuzi na doti ya khanga. Tukawekwa nje kwenye viti, karibu na ghala la pamba. Yeye akabaki ndani, mlango ukiwa wazi, sauti inatoka yeye haonekani. Baba mdogo akasalimia, akazunguka kama ilivyo ada, mvua, ng'ombe, afya, kisha akafika.

"Huyu kijana wenu anasema amekosa."

"Amekosa nini?" sauti ikauliza.

Baba mdogo akanitazama. Nikamweleza yeye, ili afikishe, ingawa aliye ndani alikuwa anasikia kila neno. Nilieleza kipimo kinavyofanya kazi. Nilieleza karatasi, gundi, joto la kioo dirishani. Nilieleza kwamba mtu yeyote, hata mwenye elimu kubwa, akipewa chombo kibovu atapata jibu baya. Nilisema kwa urefu na nadhani nilisema vizuri. Baba mdogo alikuwa anachora chini kwa fimbo yake.

Kisha sauti ikatoka, haina hasira, imechoka kidogo.

"Mwambieni nimesikia. Kipimo kimekosa." Nikasikia kigoda kikisogezwa. "Sasa kile kipimo ndicho kilichosimama mlangoni pa jikoni kikanitazama usoni?"

Baba mdogo hakufikisha swali hilo. Hakukuwa na haja.

"Hapana," nikasema.

"Basi wapeni maji ya kunywa, wametoka mbali."

Mbuzi alipokelewa. Khanga zilipokelewa. Nilirudi Mwanza nikijiambia yamekwisha, na mke wangu aliponiuliza alisema nini, nilimwambia amesamehe. Mwaka wa pili mke wangu alipokuwa mjamzito tena, nilipaka rangi chumba cha nyuma, nikanunua godoro jipya, nikatuma mtu Magu kusema tunamngoja mama. Mtu huyo akarudi na jibu fupi. Hana kinyongo na mimi, ananitakia kazi njema, lakini hawezi kulala katika nyumba ile. Binti yake aende kwake.

Kwa hiyo mke wangu alikwenda Magu mwezi wa nane wa mimba, na mtoto wetu wa kwanza akaenda naye, nami nikabaki Mkolani na vigae vyangu. Mtoto wa pili alizaliwa huko. Nilikwenda Jumapili kumwona. Niliwekwa kwenye kiti kilekile karibu na ghala, mtoto akatolewa nje amefungwa kwenye shuka, nikamshika kwa muda, akarudishwa ndani. Nilisikia bibi yake akimwogesha na kumsemesha. Mkubwa alikuwa humohumo akicheka kitu ambacho sikukiona.

Jumatatu kantini mkuu wa mitambo aliniuliza habari za mzazi. Nikasema wako Magu, wazima.

"Magu? Kwa nini mama mkwe asije mjini kulea? Au anaogopa samaki?" Akawageukia wenzake, wakaanza kucheka kabla hajamaliza. Dada wa maabara alikuwa meza ya pili. Aliacha kula.

"Haji kwa sababu nilimfukuza," nikasema. "Na hakuwa na kosa."

Mkuu wa mitambo alibaki na kijiko hewani, akingoja sehemu ya kuchekesha. Alipoona siendelei, alisema, "Lakini si alikuulia samaki wako?"

"Yeye alikuwa anawaweka hai. Niliwaua mimi, baada ya kumfukuza."

Mmoja aliuliza kama chai imebaki. Mpishi akasema ipo.